Siyo Marekani yote magazini zinauzwa kama karanga

Mhariri,

Salaam kwako na timu nzima. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nawasoma kwenye simu kila nikitoka zamu ya usiku, na kawaida nasoma, nacheka, nalala, ila ile makala ya juzi ya bunduki za Marekani imenikatisha usingizi. Mwandishi wenu kasema eti huku mtu anaingia dukani anabeba magazini, vile vikasha vya risasi vya kuchomeka kwenye bunduki, za risasi 30 kama ananunua karanga. Sasa ndugu yangu, huku ni wapi? Majimbo yako 50 na kwenye hili suala la magazini kila jimbo lina yake, na mimi niliyeko California jirani na Sacramento nilihangaika wiki kibao na kidude cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja, ili tu nikipate kihalali.

Niseme kabla sijaanza kutukanwa, bunduki ninayo ndiyo. Moja tu, ya ile familia ya AR, bunduki ndefu inayojipakia yenyewe, nilinunua 2018. Kwanza nikafanya mtihani wa usalama wa silaha, maswali 30, ukipata chini ya 23 umefeli, nikalipia, nikaambiwa kasubiri siku 10 huku wanachunguza jina langu, ndipo nikakabidhiwa. Naitumia kulenga shabaha Jumapili na wenzangu wa kazini, basi. Kwetu Iringa babu alikuwa na gobore lake, anashindilia baruti, anapiga moja, akikosa nguruwe kaondoka na kesho mahindi yameliwa tena, kwa hiyo haya mambo ya kuhesabu risasi ndani ya magazini nimeyajulia ukubwani. Na hiyo bunduki yangu ukiiona utacheka bana. California bunduki ya namna hii, inayojipakia yenyewe na magazini inachomoka, hairuhusiwi kuwa na mshikio wa bastola, basi pale pa kushika wamebandika kitu kama pezi la papa ili kidole gumba kisizunguke. Jamaa zangu wa Texas wakiiona kwenye picha wananiuliza imevunjika au imezaliwa hivyo.

Sasa magazini. Kwa asiyejua ni kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwa chini, ndani kuna springi inazisukuma juu moja moja. Tangu 1 Januari 2000 California hakuna kuuza wala kuingiza jimboni inayobeba zaidi ya 10. Mwaka 2016 wananchi wenyewe wakapiga kura wakapitisha Pendekezo la 63, la kupiga marufuku hata kukaa nayo tu nyumbani, hata kama ulinunua zamani kihalali, ila mahakama ikaizuia sehemu hiyo 2017 kabla haijaanza. Mimi bunduki yangu ilikuja na moja ya risasi 10, nikataka mbili zaidi maana kila baada ya risasi 10 unasimama kujaza na kidole kinauma, ni hilo tu.

Nikaingia mtandaoni nikaagiza za 10, imeandikwa kabisa 10, nikalipa. Kesho yake naletewa ujumbe oda imefutwa, hatutumi magazini California. Nikawapigia, dada wa watu kaniambia kompyuta yao ikiona neno magazini na anwani ya California inakataa yenyewe, iwe ya 10 iwe ya 100 yenyewe haijui. Nikamwambia dada mbona hii ni halali kwenye jimbo langu, akasema anajua, ila hawezi kuilazimisha. Nikajaribu duka la pili, wao hawana shida wanatuma, ila kwenye ukurasa wao wameweka za 30 na za 10 pamoja, ukibofya vibaya unaletewa kosa la jinai mlangoni kwenye boksi la kahawia. Nikaona hapana, niende kwa mguu.

Duka nililoenda kuna mzee mmoja miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nimemweleza, akanitolea mbili akazilaza kwenye kaunta, moja fupi ya 10, nyingine ndefu kabisa unaona wazi ni ya 30. Nikarudi nyuma hatua moja, nadhani hata yeye aliona. Akacheka, akaigeuza kichwa chini akanionyesha riveti imepigwa kwenye kifuniko cha chini, akasema hii ndani imezibwa, haifunguki tena. Akachukua risasi za bandia akaanza kusukuma na gumba, tik, tik, tik, ikafika ya kumi, ya kumi na moja ikagoma kabisa, anaibonyeza mpaka kucha imekuwa nyeupe haiingii. Sheria inasema ikibadilishwa moja kwa moja isiweze kubeba zaidi ya 10 basi ni halali, urefu wa kikasha hauhusu. Nikamuuliza, je polisi akinisimamisha usiku akaona kitu kirefu hivi siti ya nyuma? Kaniambia, atahesabu.

Nikachukua zile fupi. Kwa rangi yangu na hii lafudhi yangu, mimi sitaki kuhesabiana risasi na polisi pembeni ya barabara. Na hapa ndipo mwandishi wenu alipokosa kabisa, kwa sababu sisi watu wa grini kadi kesi ya silaha siyo faini tu, ukipatikana na hatia unaweza kujikuta unarudishwa nyumbani na watoto umewaacha huku. Mzungu mwenzangu wa kazini akikosea anamtafuta wakili, mimi natafuta wakili na begi.

Kioja kingine ambacho yule mzee alinionyesha ukutani kwake. Kuna bunduki ya Marlin Model 60, ya risasi ndogo zile za .22, yenyewe haina kikasha, ina bomba chini ya mtutu unazimimina humo, inabeba 14. Halali! Bomba la .22 limesamehewa na sheria, na zile bunduki za makauboi za kukoki kwa mpini wa chini bomba lake pia limesamehewa. Kikasha cha 11 ni kosa, bomba la 14 ruksa. Mimi sikatai kwamba kuna sababu, bomba kulijaza ni kazi ya kupoteza muda, lakini mwambie mtu aliyefika juzi kwa loto ya grini kadi kutoka Mbeya ajue hayo peke yake.

Halafu mahakama. Tarehe 29 Machi 2019 jaji mmoja wa San Diego, Roger Benitez, aliitupilia mbali sheria yote ya magazini, na wiki moja, Ijumaa hadi Ijumaa, maduka ya Marekani nzima yakawa yanatuma California mpaka jaji mwenyewe akaisimamisha hukumu yake tarehe 5 Aprili saa kumi na moja jioni ikisubiri rufaa. Walionunua ndani ya wiki ile wakaachwa nazo. Mimi wiki ile nilikuwa nafanya zamu mbili mbili, nimekuja kusikia Jumamosi. Jaji huyo huyo akaitupa tena Septemba 2023, ikasimamishwa tena, na Machi 2025 majaji wa rufaa wakakaa 11 wakaamua 7 kwa 4 kwamba sheria iko sawa, na mmoja wa wale wanne, Lawrence VanDyke, akajirekodi video ofisini kwake anafungua bastola na kuzionyesha, wenzake wakakasirika. Kwa hiyo mimi nina watu watatu kazini wana magazini za urefu ule ule, mmoja anasema zake ni za wiki ile ya 2019, mmoja ana za kuzibwa, wa tatu hasemi.

Na ukitoka California ndo unachanganyikiwa zaidi. Kuna Wakenya kibao Massachusetts, huko ya zaidi ya 10 lazima iwe ilikuwa halali mikononi mwa mtu tarehe 13 Septemba 1994, kwa hiyo plastiki kuukuu ilikuwa inauzwa bei ya mbuzi. Watanzania wengi wako Maryland, huko duka haliruhusiwi kukuuzia ya zaidi ya 10 lakini ukivuka Pennsylvania ukanunua ukarudi nayo, hakuna kosa. Ujaribu hilo la Maryland hapa California, ununue Reno pale Nevada, masaa mawili tu kwa gari, urudi nayo, hapo umeingiza jimboni na unaweza kulala jela. Colorado ni 15. Illinois ni 10 kwa bunduki na 15 kwa bastola. Texas hawaulizi. Mwandishi wenu nadhani aliongea na mtu wa Texas.

Wengine watadhani naipinga sheria. Siipingi. Januari 2011 pale Tucson, Arizona, jamaa mmoja alimpiga risasi mbunge Gabrielle Giffords kichwani na kuua watu 6, alikuwa na bastola yenye magazini ya risasi 33. Ilipoisha akataka kuchomeka nyingine, hapo ndipo watu wakamrukia, na mama mmoja mtu mzima wa miaka 61 akaiwahi ile magazini asiipate. Ule muda wa kubadilisha ndio uliookoa waliobaki, na mtu akiniambia angekuwa na ya 10 wangemrukia mapema zaidi, sina la kumjibu. Ninachogombea ni kwamba anayepata taabu ya kuulizia, kusoma, kufutiwa oda na kuhesabu mpaka ya kumi na moja igome ni yule ambaye tayari ameamua kufuata sheria, na hakuna karatasi moja ya Kiswahili inayomweleza.

Kwa hiyo ombi langu, mtafuteni mwandishi wenu arudie, aweke jimbo kwa jimbo, maana kuna vijana huku wanawaamini nyie kuliko wakili. Kuna kijana wa kwetu kafika mwaka juzi, juzi kati kapewa zawadi ya magazini ya 30 na rafiki yake wa Reno, imefungwa kwenye karatasi ya birthday kabisa, akanipigia simu kuniuliza kama kuna neno. Nikamuuliza uko wapi sasa hivi. Akasema niko Reno bado, kwake. Nikamwambia basi mshukuru, kula keki, na hiyo iache hapo hapo mezani.

Mbongo wa Sacramento