Barua ya wazi kwa mjomba wangu muuza mkaa

Mjomba, shikamoo.

Maneno yako ya juzi kwenye simu yamenikaa moyoni. Ulisema nimesoma mpaka nimesahau kwamba mkaa ndio ulionisomesha. Sijasahau. Ada yangu ilitoka kopo kwa kopo pale kibandani Gongo la Mboto, na nakushukuru mpaka leo.

Wiki iliyopita niliingia msitu wa Pugu usiku pamoja na askari wa misitu. Akatuambia tuzime tochi. Tukasikia mlio mfupi, ukajirudia, kisha kimya. Alipowasha, tukaona macho mawili mekundu, na kufumba na kufumbua yamesharukia mti wa pili. Komba wa Rondo, mjomba. Mzima wake hafikii hata gramu 100, mkia kama brashi ya kusugulia chupa. Jina kapewa la Rondo, kule Lindi, lakini huku kwetu yupo kwenye misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Pande. Nje ya vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, hayupo popote duniani. Mwaka 2006 aliingizwa kwenye orodha ya jamii 25 za kima, nyani, komba na ndugu zao walio hatarini kuliko wote.

Kinachoniuma ni pale anapotafuta chakula. Si juu vileleni. Anang'ang'ania vijiti vilivyosimama wima, karibu na ardhi, akiwinda wadudu. Na vijiti hivyo ndivyo vinavyoondoka mapema, fito leo, kuni kesho, kisha tanuri la mkaa linawashwa. Kima akikosa msitu atavamia mihogo ya watu, atapigwa mawe, ataponea. Huyu mdogo hana pa kukimbilia.

Najua wewe hujawahi kukata mti. Lakini zile pikipiki zinazoshusha magunia saa tisa usiku, uliwahi kuwauliza vijana wametokea wapi?

Serikali ilizindua mkakati mwaka 2024, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nimeufurahia sana. Ila miaka 10 ni mingi mno kwa msitu unaoliwa kila usiku.

Sikuombi ufunge kibanda. Shangazi na watoto watakula nini? Naomba gunia lisilo na kibali cha TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, ulikatae, hata kama bei yake inavutia. Na ile hesabu ya kuuza mitungi ya gesi uliyowahi kuniambia, usiitupe. Nina akiba kidogo. Jumamosi nakuja tuipige pamoja.