Gari Langu Halivuki Mpaka

Kirumba, Mwanza
Jumapili, 7 Septemba 2025

Shoga yangu Mwanamkasi,

Salaam nyingi, na kwa wanao pia. Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa napara samaki, na nilichoambulia ni hiki: umesikia magari huku ni nusu bei, pesa za chama chenu cha akiba mmegawana, na sasa wataka nikununulie moja nilifikishe Likoni. Nimeona hili si la kujibu kwa sauti, maana nikianza tu utanikatiza. Kaa kitako usome.

Jibu ni hapana. Usikunje uso kwanza.

Gari nimenunua, hiyo ni kweli, na aliyekuambia kanitangulia siku tatu tu. Ni Toyota IST nyeupe ya mwaka 2005, namba D. Huku mtu hakuulizi gari lako lina umri gani, anatazama herufi: namba za Tanzania huishia na herufi tatu, na ya kwanza katika hizo ndiyo inayosema gari liliingia nchini zamani au juzi. Namba E ndiyo ya kuringia. D ni ya watu wa heshima zao wasio na haraka. Namba B ukiiona, mpishe. (Na usishangae ninavyoandika "gari langu". Kazini nikisema "gari yangu" wananicheka, eti Mkenya huyo. Mimi mtoto wa Likoni kufundishwa Kiswahili na Msukuma! Lakini wana haki, miaka minne ya Nairobi iliniharibu ulimi.)

Nimelilipia milioni 11 na nusu. Usizimie, ni shilingi za huku. Ukigawa kwa 19 na ushei, ni kama laki sita za kwetu. Nami najua Demio ya 2018 pale kwenye yadi za Mombasa hawakusikilizi ukiwa chini ya milioni. Kwa hiyo yule aliyekuambia nusu bei hakusema uongo. Kasahau tu kukuambia ni nusu bei ya gari gani.

Siri iko kwenye umri. Kwetu gari likizidi miaka minane haliingii. Mwaka huu wa 2025 lolote lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 Kilindini hawalitaki. Huku mlango uko wazi, ila mlangoni kuna TRA, watoza kodi wa huku. Unalipa forodha asilimia 25, VAT 18, tano ya injini kama ni hizi ndogo zetu zinazozidi cc 1,000, na gari likipita miaka kumi wanakubandika 30 nyingine kwa kosa la uzee. Ukijumlisha unaona kama serikali imelinunua gari hilo pamoja nawe. Lakini huko Japani gari la miaka ishirini limeuzwa kwa bei ya kulitoa uani, kwa hiyo ni asilimia kubwa ya kitu kidogo. Kwetu forodha yenyewe ni 35 siku hizi, na ushuru mwingine juu yake, na vyote vinakokotolewa kwa gari ambalo bado ni kijana.

Wakenya wenzangu huku hawachoki na hadithi hii. Jumamosi tukikutana kula nyama, upande mmoja unasema Tanzania ndiko mlalahoi anakoendesha, upande mwingine unasema Watanzania wanauziwa vyuma chakavu. Mimi nilizunguka wiki sita na kijitabu changu, nikauliza bei ya gari lilelile la mwaka uleule huku na huko, na katika magari mapya mapya sikuona tofauti ya kunipandisha basi. Hawa ndugu wanabishania magari mawili tofauti na kila mmoja ana haki.

Sasa hilo langu nikilifikisha Sirari, kutembea litaingia, kwa kibali cha muda na bima ya kuvuka mpaka. Kulivua namba na kulivika KD-nini, sahau. Afisa atatazama mwaka tu, habari imekwisha. Na nikikutafutia lisilozidi miaka minane, utalipa ushuru wa huku kisha ukalipe wa huko. Pesa za chama zitaishia njiani, nasi tugombane hadi tuzeeke.

Ila ngoja nikupe kisa cha lile nililolikosa.

Kabla ya IST kulikuwa na Toyota Raum. Dalali alinipigia saa mbili asubuhi: "Dada, gari ipo, full kipupwe, injini haijawahi kufunguliwa, bei maongezi yapo." Kipupwe ni hiyo AC, nilipenda neno lenyewe kabla ya gari. Milioni 8. Nikaenda, nikaliona linang'aa, ndani linanukia manukato ya maua mpaka kichwa kinauma. Hapo ndipo ningeshtuka, wallahi sikushtuka. Nilikuwa nimeshajiona nimeegesha kazini.

Bahati nikampeleka fundi mmoja mzee wa Mabatini, mtu wa maneno machache kama mwenye jino linalouma. Hakufungua boneti. Aliingia kiti cha nyuma, akaushika mkanda, akauvuta. Akauvuta tena. Akaendelea kuuvuta mpaka ukagoma, ile sehemu ambayo hakuna abiria aliyewahi kuifikia tangu gari lizaliwe. Kisha akaniita nitazame. Mkanda ulikuwa mweusi safi, halafu ghafla kuanzia mahali fulani ulikuwa wa kahawia, umekauka kama kamba ya nanga, na mpaka wa rangi zile mbili ulikuwa umenyooka kama uliochorwa na rula. Akaukwangua kwa ukucha, vumbi la matope likamwangukia pajani.

"Hili limeogelea," akasema, yaani liliwahi kuzama majini. Akashuka akaenda kunawa.

Dalali akaapa kwa mama yake. Fundi akamwambia asimhusishe mama, avute mkanda wa mbele. Hakuuvuta.

Kwa hiyo nikaongeza milioni tatu na nusu, nikasubiri mwezi, nikapata IST ya mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiitumia kwenda kanisani na sokoni tu. Fundi aliivuta mikanda yote mitano mbele yangu bila kuambiwa. Shokapu za mbele zilikuwa zimechoka na bushi mbili nimebadilisha, hayo ni ya kawaida. Kadi ya gari imeshaandikwa jina langu. Na sikiliza hili: ile leseni ya barabara ya kila mwaka walishaifuta huku tangu 2017, wakaipachika kwenye mafuta. Unalipa bila kujua unalipa. Bei ya mafuta yenyewe EWURA, wadhibiti wa nishati wa huku, wanaitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Jumanne yake jioni utaona foleni vituoni kama kwetu tarehe 14.

Safari yangu ya kwanza na gari hilo ilikuwa daraja. Wamelifungua tarehe 19 Juni, Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji. Mwaka jana nilivuka hapo kwa kivuko kwenda Sengerema kikazi na nikakaa kwenye foleni nusu ya asubuhi, naangalia wachuuzi wa mahindi wakizeeka. Sasa ni dakika chache. Nilipanda taratibu, madirisha nimeshusha, ziwa pande zote, na katikati nikajikuta nalia. Mwanamkasi, nilikuwa nawaza Likoni. Tunaahidiwa daraja kila uchaguzi tangu hatujavunja ungo, na mpaka leo mama anapanda feri amefumba macho. Yeye ile feri ya Mtongwe iliyozama 1994 hajaisahau. Watu 272, na mmoja wao jirani yetu, unakumbuka. Huku nao wana MV Bukoba ya 1996, makaburi yako Igoma, na ukitaja meli mbele ya watu wazima wa hapa wananyamaza kidogo namna ileile anavyonyamaza mama. Hilo halikuhitaji tafsiri.

Maisha mengine ni yaleyale. Kiwandani bado niko kwenye ubora, navaa koti jeupe na mabuti, napima joto la minofu ya sangara inayokwenda kuliwa na watu wasiojua Mwanza iko wapi. Sisi tunabaki na panki, ule mfupa na kichwa vikishachunwa minofu, wanaukaanga ukawa mkavu, na ukiutia ndimu na pilipili utasahau kuku. Sato ndiye namla nikiwa na mshahara. Michembe nimeizoea, ule utamu wa viazi vitamu vilivyokauka juani. Ninachokosa ni nazi. Zinatoka mbali, zikifika zimechoka na bei imepanda, nami mbaazi bila tui siwezi kuziita mbaazi. Jirani yangu, mama wa Kisukuma, akinisalimia "Mwangaluka" asubuhi namjibu vilevile, akinikuta mchana ni "Mwadila", na nikizichanganya ananirekebisha kwa sauti ya mtaa mzima usikie. Njia ninayopita kwenda kazini hupitia barabara ya Kenyatta. Nimeikimbia nchi nikamkuta ananisubiri kwenye kibao.

Sasa siasa, maana najua ndiyo uliyoipeleka mwisho wa ujumbe kwa sauti ndogo, eti nasikia nini huku.

Nasikia kila kitu, na naulizwa kila kitu. Bodaboda akinisikia nasema "sawa sawa basi" anageuza shingo: "Dada Mkenya? Zakayo hajashuka?" Tangu ule Juni 2024 vijana walipoingia bungeni, jina hilo la rais wetu wanalijua huku kuliko la diwani wao. Wako wa aina mbili. Wa kwanza wanasema nyie Wakenya mna fujo, hamwoni amani ilivyo tamu. Wa pili hungoja mpaka tufike mahali pasipo na watu, ndipo waseme nyie Wakenya mnajua kudai. Wote wawili nawajibu jambo moja: nilipie shilingi ngapi? Maana mwezi Mei Martha Karua, yule wakili na mwanasiasa wetu, alirudishwa uwanja wa ndege Dar, na rais wa huku akasema hadharani hataki wanaharakati wa jirani waje kuvuruga kwake. Kesho yake kazini mtu akaniuliza kwa utani kama mimi siyo mwanaharakati. Nilicheka. Nilicheka zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili. Kibali changu cha kazi kinaisha Februari.

Kwa hiyo ya kwetu nayasema nyumbani, nimefunga mlango, na simu yako. Nilikuambia wakati ule kwamba katika ule muswada wa fedha wa 2024 kilichonichoma hakikuwa mkate peke yake. Ilikuwa ile kodi ya gari, asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, pamoja na bima. Wakati ule sikuwa hata na baiskeli! Juzi nimekaa nikapiga hesabu kwa hiki kijigari changu: elfu kumi na tano za Kenya kila mwaka kwa sababu tu kimeegeshwa. Muswada uliondolewa, najua. Lakini vijana waliokufa hawakurudi, na Juni hii wengine tena wameongezeka, na Saba Saba tena. Nikiwa mbali hasira yangu inakuwa safi sana, haina vumbi la barabarani wala moshi wa machozi, na naionea haya. Wewe ulikuwa unatafuta njia ya kumfikisha mwanao shule siku ile, mimi nilikuwa natazama kwenye simu nimeweka miguu juu ya kochi.

Na kura ya 2027 sijui nitaipigia wapi. Ile ya 2022 aliyetaka kupiga akiwa upande huu wa Mwanza ilibidi afunge safari ya mbali. Bora nirudi Likoni nipange foleni nawe.

Huku nako mwisho wa Julai wametoa amri: wageni wasifanye biashara kumi na tano ndogo ndogo, saluni, kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu na nyinginezo. Dada mmoja wa Kisii aliyekuwa ananisuka ana leseni mpaka Novemba, ikiisha ndiyo basi. Wateja wake wote ni Waswahili wa hapahapa na wote wanamwambia pole, na mmoja wao ameshamwuliza bei ya vile viti. Sikumlaumu sana. Nasi kwetu, yule Mtanzania aliyekuwa akiuza vinyago pale ng'ambo, tulimsemaje?

Siku pekee tuliyokuwa kitu kimoja ni tarehe 22 Agosti. Jioni, kwenye michuano ya CHAN, Harambee Stars wametolewa na Madagascar kwa penalti, wenzangu wote kibandani wakanicheka mpaka soda zikamwagika. Usiku Morocco ikaitoa Taifa Stars bao moja. Hakuna aliyecheka tena. Mwenye banda akasema soda ya Mkenya asilipe.

Desemba naja kwa basi, Sirari, Kisii, Nairobi, kama siku zote. IST itabaki uani kwa jirani yangu wa "Mwangaluka", kashaniomba aikalie kwenda kliniki. Niwekee nazi kumi, nitarudi nazo. Wewe pesa zako ziweke, tukae pamoja tutafute la huko huko, na kila tutakaloliona nitauvuta mkanda mimi mwenyewe.

Mama mwambie gari ni jeupe na halina tatizo. La Raum lililoogelea usimwambie kabisa. Ataanza kuota.

Wako,
Mishi