Buibui mrukaji asikanyagwe mbele ya watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimsemee kiumbe ambaye wasomaji wengi wamewahi kumponda kwa kandambili bila kumtazama.

Wiki iliyopita mjukuu wangu, anayesoma darasa la tatu katika shule moja wilayani Muheza, alirudi nyumbani analia. Asubuhi alikuwa amemkuta buibui mdogo juu ya jani la iliki kando ya msitu, akamtia kwenye chupa ya maji akawapelekee wenzake. Mwalimu alimwamuru amtoe nje amkanyage, kwa maelezo kwamba buibui wote wana sumu. Akamkanyaga. Nilipomuuliza alikuwa buibui wa namna gani, alinijibu, "Babu, alikuwa ananiangalia."

Mtoto hakukosea. Huyo ni buibui mrukaji, na kuangalia ndiyo kazi yake. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za gari, na katika jamii nzima ya buibui ni wachache mno wanaoweza kuona kama yeye. Msogezee kidole taratibu utaona anageuza mwili mzima kukufuata. Hafumi utando wa kunasa nzi. Anamnyemelea kama paka, anasimama, anapima, kisha anaruka. Na kabla hajaruka hubandika uzi pale alipo, akikosa shabaha ananing'inia na kupanda tena. Miguu yake haina misuli minene kama ya panzi. Ni majimaji ya mwilini yanayosukumwa ghafla hadi miguu ya nyuma ikanyooka. Mwili wenyewe kwa wengi wao haufiki sentimita 1.

Nimeongoza wageni katika njia za msitu wa Amani kwa miaka mingi. Wengi walikuja kutafuta ndege na vinyonga, lakini mimi kilichonikalia moyoni zaidi ni dume la buibui huyu akimchezea jike juu ya jani. Huinua miguu ya mbele, hutikisa tumbo, huenda kushoto, huenda kulia, na jike limetulia linamtazama. Nimewahi kusimama hapo mpaka mgeni wangu akatangulia peke yake.

Kuhusu sumu, mwalimu asichanganye mambo. Karibu buibui wote wanayo, kwa ajili ya mawindo yao. Ya huyu mdogo haimdhuru mtu, naye haumi ovyo asipobanwa.

Duniani zimeshatajwa spishi zaidi ya 6,000 za buibui warukaji, na hapa kwetu hatujamaliza kuwajua. Mwaka 2000 Wanda Wesołowska wa Poland na Anthony Russell-Smith wa Uingereza walichapisha kazi yao juu ya buibui warukaji wa Mkomazi, eneo ambalo sehemu yake imo mkoani Tanga, na humo mlikuwa na spishi ambazo sayansi ilikuwa bado haijazipa majina. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yuko mwingine aliyepewa jina mwaka 2003, Evarcha culicivora, anayependelea kumla mbu aliyekwisha kunyonya damu. Sidai kwamba wa Amani hufanya hivyo. Lakini sisi wa Muheza, tuliougua malaria na kuwazika watoto wetu kwa malaria, tungekuwa wa mwisho kumfundisha mtoto kuua kabla ya kutazama.

Ombi langu ni kwa walimu wa sayansi. Hakuna haja ya bajeti wala basi la safari. Chukueni glasi moja na kipande cha karatasi, wapelekeni watoto chini ya mwembe wa shule, mmfunike buibui kwa glasi, karatasi ipite chini yake, kila mtoto amwangalie machoni, kisha mumrudishe kwenye jani lake. Na yule mwalimu, ambaye najua anawapenda watoto wetu, namkaribisha nyumbani siku yoyote. Juzi mjukuu wangu amempata mwingine kwenye nguzo ya baraza, na nimemkataza mama yake asipulize dawa upande ule.

Wako,
Mwongoza wageni mstaafu,
Amani, Muheza, Tanga