Homa ya mgonjwa wa kemo haisubiri kesho

Mhariri mbukwenyi, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo nalisikia misibani tu, tukishatanua turubai watu wanaanza "ilianza homa kidogo", alafu matanga yakiisha na maneno yameisha.

Mgonjwa wa kansa akishamaliza dripu ya kemo, yaani zile dawa kali za kuua kansa, iwe hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma au Ocean Road kule Dar, anarudi kwao, na sahivi na hii treni ya SGR anafika Dodoma mapema tu alafu anapanda basi la Mpwapwa au Chemba ndani huko. Watu wanadhani pagumu ni siku ya dripu na matapishi yake, kumbe pabaya zaidi ni kama wiki moja mpaka mbili baadae, chembe nyeupe za damu zinaposhuka sana na mwili hauna wa kuulinda. Hapo akipata homa ya nyuzi 38 kwenda juu hiyo sio homa ya kawaida jamani, wadudu wanaweza kuingia kwenye damu na mtu akaondoka ndani ya masaa. Utaratibu unaotakiwa ni antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu afike. Saa moja! Sio mpaka foleni ya bima iishe.

Mama yangu mdogo alipelekwa zahanati moja (jina silitaji), wakapima malaria hamna, wakasema basi ni UTI, akapewa vidonge na panadoli. Homa ikashuka na sisi tukasema afadhali, kumbe panadoli inaificha tu homa, kinachomuumiza kiko palepale. Yule tabibu simlaumu sana, hana mashine ya kuhesabu chembe za damu, na makaratasi ya mgonjwa yote ya Kiingereza yalibaki kabatini nyumbani. Kilichomwokoa ni ndugu yetu mmoja nesi aliyepiga simu jioni akatufokea tumtoe pale sasa hivi. Wazee wengine hata homa hawapati, utaona tu anatetemeka, anahema mbiombio au anaongea visivyoeleweka.

Na sio homa peke yake. Mwenye kansa ya titi au tezi dume akianza kulalamika mgongo, akilala ndo unazidi, alafu miguu inaishiwa nguvu au mkojo haumtii, tuache kumchua na mafuta na tuache habari za kulogwa, uvimbe unaweza kuwa unabana uti wa mgongo. Akifika hospitali bado anatembea, mara nyingi ataendelea kutembea, ila aliyelala kapooza siku kadhaa kumrudisha ni kazi kwelikweli. Uso na shingo kuvimba huku pumzi inakata, au damu kutoka nyingi kwa mama mwenye kansa ya shingo ya kizazi, hayo nayo hospitali siku hiyohiyo.

Ninachoomba kwa wenye mamlaka ni kadi ndogo ya Kiswahili kila mgonjwa wa kemo aondoke nayo: aina ya kansa, tarehe ya dripu ya mwisho, namba ya simu ya wodi, na kwa maandishi makubwa HOMA 38 NI DHARURA. Muuguzi wa zahanati akiiona apige hiyo simu aulize sindano gani aanze nayo kabla gari halijaja. Ndugu nao wanunue kipimajoto, cha kwapani au mdomoni (njia ya haja kubwa hapana kwa mgonjwa huyu), mtu kashauza ng'ombe kwa ajili ya matibabu kipimajoto hakitamshinda.

Alafu usafiri. Wajawazito na vichanga wana m-mama, unapiga 115 gari linatafutwa hata usiku, na kweli tunashukuru. Mgonjwa wa kemo saa nane usiku kule Chemba anabebwa na bodaboda, katikati ya watu wawili asidondoke. Naomba Wizara ya Afya itujibu kupitia gazeti hili kama huo mpango wa 115 hauwezi kumbeba na yeye.

Mlezi wa mgonjwa,
Nkuhungu, Dodoma