Baba, hivi ndivyo vitabu nilivyosoma

Göteborg, Uswidi, Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Baridi ipo, lakini tulipoongea kwa simu ulisema umechoka na habari za baridi, nikuandikie nimesoma nini na nimeonaje. Leo sina zamu kazini, kwa hiyo nimekaa na daftari nikuandikie kama ulivyotaka.

Nianze na Kusadikika cha Shaaban Robert, kile ulichonitilia kwenye begi siku ninaondoka Pangani. Niwie radhi, Baba. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikipenda kwa sababu nilikisikia kwa sauti yako. Safari hii nimekisoma peke yangu kwenye tramu, na wale wajumbe sita wa nchi ya Kusadikika walinichosha. Buruhani anatumwa mashariki, Fadhili kaskazini, na kila anayerudi na habari njema anatupwa gerezani. Nilitaka kujua walikula nini njiani, na nyumbani walimwacha nani. Ila Karama anaposimama kujitetea mbele ya Waziri Majivuno, kosa lake likiwa kufundisha watu sheria, hapo nilifunga kitabu nikatulia kwanza. Kimechapishwa mwaka 1951, Mwingereza bado anatawala Tanganyika. Shaaban Robert alikuwa na moyo.

Nadhani nimejijua, Baba. Kitabu kinanishika pale mwandishi anapoijua kazi ya mikono ya watu wake. Ndiyo maana Kuli cha Adam Shafi nimekisoma mara mbili. Rashidi akibeba gunia pale bandarini Unguja, na mimi bega linaniuma. Mgomo wa mwaka 1948 unapofika huhitaji kuelezwa kwa nini watu wamegoma, maana umeshabeba nao. Kuna kurasa wahusika wanazungumza kama wako mkutanoni, na hizo nilizipita haraka. Na mwambie Mjomba kuna mzee wa Cuba, Santiago, katika kitabu cha Hemingway, aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Mshipi unavyomkata viganja, Mjomba akisomewa atasema huyu aliyeandika alishawahi kuushika.

Peponi cha Abdulrazak Gurnah nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza zamani. Sasa nimeipata tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyotoka mwaka 2022, na nakuambia ni kama watu wale wamerudishiwa ndimi zao. Yusuf ana miaka kumi na miwili, baba yake anamkabidhi kwa tajiri Aziz kulipia deni, na mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa ami yake. Kwa Kiingereza nilimhurumia. Kwa Kiswahili nilimjua, maana hadithi za mtoto kuwekwa rehani hata Bibi alikuwa nazo. Mwisho wake, anapokimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, ulinikasirisha siku mbili nzima. Bado sijaamua kama ninamlaumu Yusuf au mwandishi. Wewe utaniambia.

Wenzangu kazini wanapenda riwaya za upelelezi, nami nikasoma kimoja cha Henning Mankell, mwandishi wa hapa Uswidi, kile cha kwanza cha inspekta Wallander, cha mwaka 1991. Mkulima na mkewe wanauawa shambani, na neno la mwisho la yule bibi, “mgeni”, linawafanya watu waanze kuwawinda wageni. Kukamatwa kwa wauaji sikukujali sana. Ila namna hofu inavyosambaa mjini kwa sababu ya neno moja, hiyo imeandikwa vizuri, na kwa mtu kama mimi si jambo la kusoma ukasahau.

Sasa Moberg. Yupo bibi mmoja ninayemhudumia katika nyumba ya wazee, haoni vizuri tena. Ana vitabu vinne vya Vilhelm Moberg, mwandishi wao wa Kiswidi, kwenye rafu, akaniambia nichukue, kwanza nijifunze Kiswidi, pili nijue na wao walikuwa maskini. Nimevimaliza kwa miezi saba, kamusi ikiwa pajani.

Ni habari za Karl Oskar na mkewe Kristina, wakulima wa Småland, shamba lao mawe matupu. Mwaka wa njaa, binti yao mdogo Anna anakula uji wa shayiri haujaiva, unamvimbia tumboni, anakufa. Baada ya hapo hakuna tena wa kumzuia Karl Oskar. Mwaka 1850 wanapanda jahazi liitwalo Charlotta kwenda Marekani, wanalima Minnesota. Baba, nilikuwa sijui kwamba Waswidi zaidi ya milioni moja waliihama nchi hii ninayoishi. Naye Moberg haifichi dhambi ya upande wa pili: ardhi ile ilikuwa na wenyewe, Wadakota, na mwaka 1862 njaa na ahadi zilizovunjwa ziliwainua, damu ikamwagika.

Lakini aliyenishinda ni Kristina. Karl Oskar anapenda nchi mpya kwa sababu jembe halikwami kwenye mawe. Kristina anazaa, anapika, anasali, na miaka yote moyo wake uko kwao. Wazazi wake wanamtumia mbegu za tofaa la nyumbani. Zinapandwa, mti unakua taratibu, na tunda la kwanza linaiva siku yeye amelala anakufa. Mumewe anamletea. Anauma kidogo tu, basi, amefika nyumbani. Nilisoma pale nikiwa kwenye tramu na nilipitiliza vituo vitatu.

Kesho yake nilimsimulia yule bibi nimefika wapi. Akalia, nami nikalia, kisha akaniuliza kwetu tunapanda nini. Nikamwambia minazi. Akataka kujua mnazi unachukua miaka mingapi kuzaa, nikamwambia wa kwetu wa asili ni sita au saba. Sema kama nimekosea, nimsahihishie.

Kitabu cha mwisho ni cha Mama, nimempa jirani anayekuja Tanga mwezi ujao. Ni Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ wa Senegal. Ramatoulaye yuko kwenye eda, anamwandikia shoga yake Aissatou. Mumewe Modou, baada ya miaka 25 na watoto kumi na wawili, alikuwa amemwoa rafiki wa binti yao. Nimekisoma usiku mmoja na sina hata neno moja la kukilaumu. Naomba umsomee Mama taratibu, usimfafanulie. Siku ya arobaini, shemeji mtu Tamsir anapokuja kumtaka Ramatoulaye kana kwamba ni sehemu ya mirathi, na mwanamke yule anapofungua kinywa kumjibu, hapo simama kidogo umwangalie Mama. Kisha uniandikie alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe.

Nisalimie Bibi na wadogo zangu wote.

Ni mimi mwanao.