Asali haimo katika mlo wa vegani

Mhariri,

Katika safu yenu ya lishe wiki iliyopita, mwandishi aliwashauri vegani, yaani watu wasiotumia chochote kitokanacho na wanyama, watie asali kwenye chai badala ya sukari, kwa hoja kwamba nyuki huitoa wenyewe bila kudhurika. Mimi ni mfugaji wa nyuki huku Sikonge, na asali ndiyo inayolipa ada za watoto wangu, lakini ushauri huo si sahihi. Vegan Society ya Uingereza, iliyoanzishwa na Donald Watson na wenzake mwaka 1944, iliihesabu asali miongoni mwa vitu vya kuachwa tangu miaka yake ya mwanzo.

Anayerina anaijua sababu. Asali ni akiba ya nyuki kwa msimu usio na maua, nasi tunaichukua kwa moshi. Mrinaji anayetumia mwenge wa moto badala ya bomba la moshi huwaunguza wengi, na asiye mwangalifu hukata masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, pamoja na ya asali, hata anapokamua huona ute mweupe ukichanganyika humo. Nami, pamoja na uangalifu wangu wote, sijui namna ya kurudisha kifuniko cha mzinga bila kubana nyuki kadhaa.

Shutuma kwamba nyuki ni watumwa, hata hivyo, haituhusu sana. Kwetu mzinga hupakwa nta ndani na kutundikwa mtini, nyuki wakaingia kwa kupenda kwao. Wakisumbuliwa, au maua yakiadimika, huhama bila kuaga. Mizinga ya kusombwa kwa malori iko California, ambako kila Februari zaidi ya milioni moja hukusanywa kuchavusha milozi, na maziwa ya lozi hunywewa na vegani hao hao (sisemi kwa kejeli, anayeiacha asali kwa kuwahurumia nyuki ana haki ya kulijua hilo).

Nta inahitaji macho zaidi, kwani imo katika mafuta mengi ya midomo, na kwenye baadhi ya peremende huandikwa E901 tu, bila nyuki kutajwa.

Naomba gazeti lisahihishe ushauri ule, na vegani anayetaka utamu aelekezwe kwenye sukari guru au tende, ambazo zinapatikana sokoni. Wateja wa asali yangu wananitosha.

Mfugaji wa nyuki,
Sikonge, Tabora