Kikao cha Alhamisi: tuanze kwa macho

Wapendwa, habari za jioni. Alhamisi tunaanza na piano ya mwaka 1720 ya Bartolomeo Cristofori, mvumbuzi wa piano, iliyoko Metropolitan Museum, New York. Ndiyo kongwe kuliko piano zote zilizobaki, lakini ubao wake wa sauti, ule unaokuza mlio wa nyuzi, uliwekwa upya mwaka 1938. Sasa tukiisikia leo, tunasikia karne ipi? Swali hilo peke yake linatosha tasnifu nzima ya uzamili, na mimi linaninyima usingizi.

Kila mmoja aje na ala moja ya muziki aliyoichunguza kwa karibu: alama za patasi ndani ya sanduku, mabaki ya gundi, matundu ya wadudu, nyuzi zilizobadilishwa. Uainishaji wa Hornbostel na Sachs wa 1914, unaopanga ala za muziki kwa makundi, tutaugusa tu. Mnaoandika mapendekezo ya utafiti, tumeni rasimu hapa kabla ya Jumatano, hata kama ni nusu.